Kiwiko cha Mwalimu

Jumamosi, tarehe 14 Juni. Manyunyu yalianza kabla sijaamka, yakakatika saa mbili asubuhi, na mawingu yakabaki juu kama shuka jeupe lililoanikwa bila kukamuliwa. Mwanga wa namna hiyo Mwalimu wetu anaupenda kuliko wa jua kali, kwa sababu hauachi kivuli kizito chini ya macho ya mtu.

Nilipiga magoti kando ya kitanda nikaomba mambo mawili. La kwanza, niweze kusema bila sauti kutetemeka. La pili, kama nitabisha, nibishe kwa ajili ya watu na si kwa ajili ya kiburi changu. Kisha nikavaa, nikauning'iniza ufunguo wa kabati shingoni kwa uzi, nikatoka.

Chama chetu cha wapiga picha kina chumba kimoja juu ya duka la rangi. Wanachama ni kumi na mmoja, na kila mmoja ana kazi nyingine ya kumlisha. Mwenyekiti ni daktari wa meno. Mimi hupiga pasi katika dobi la hospitali, ndiyo maana naitwa Mama Pasi. Mbali na wanachama kuna darasa la jioni, watu tisa wanaojifunza kila Jumatano. Hao wengi hawana kamera. Wanaazima kwenye kabati.

Kabati lenyewe ni la chuma, la kijivu, na lilitoka hospitali pamoja na mwenyewe. Mwalimu alikuwa fundi wa eksirei kwa miaka thelathini na moja. Alipostaafu alilijaza kamera zake sita na lenzi kumi na nne, akalileta hapa, akaanzisha darasa. Alikuwa na sheria moja tu. Kwenye ubavu wa kabati linaning'inia daftari, na anayeazima huandika tarehe, kitu anachochukua, na katika safu ya tatu mtu atakayempiga picha. Maua hayakubaliwi, wala milima. Ni mtu.

"Kama huna mtu, njoo Jumatano ijayo," alikuwa akisema. "Kabati halina miguu."

Mimi nilijiunga nikiwa na miaka arobaini na tisa, mwaka uleule niliomaliza masomo ya kusoma na kuandika. Maneno yangu ya kwanza nje ya daftari la shule yamo humo: "Mdogo wangu, akicheka." Herufi zimelala kama abiria waliochoka, lakini zinasomeka. Baadaye Mwalimu alinikabidhi ufunguo. Sikumuuliza kwa nini mimi, naye hakunieleza.

Sasa Mwalimu alikuwa anahama. Binti yake alikuwa anamchukua Jumatatu akaishi naye mbali, kwa sababu moyo wake haumruhusu tena kukaa peke yake. Jumamosi hiyo alikuwa aje kutuaga. Na siku hiyohiyo ilikuwa siku ya kamera mpya.

Saa tatu wakala wa duka la kamera alipanda ngazi na sanduku jeusi, akaliweka mezani, akalifungua taratibu kama anayefunua kitanda cha mtoto. Ndani kulikuwa na kamera moja na lenzi mbili. Watu wazima, wenye wake na waume nyumbani, walisukumana kama wako kwenye foleni ya maji.

"Usiishike na mikono yenye mafuta!"

"Mafuta gani? Nimenawa mara mbili tangu niamke."

"Jamani, nyepesi! Nyepesi kama kikombe kitupu."

"Hebu bonyeza. Umebonyeza?"

"Nimebonyeza."

"Mbona sikusikia kitu?"

"Ndiyo raha yake. Ndani haina kile kioo cha kuruka juu na chini. Unaweza kumpiga picha mkweo akikoroma asijue."

"Mimi shida yangu ni mke wangu. Ataniuliza imetoka wapi."

"Mwambie ni ileile ya zamani, umeisafisha."

Kicheko kikajaa chumba. Aliyecheka kuliko wote ni Makali. Yeye ni mpima ardhi, na tulimpa jina hilo kwa sababu ukimwonyesha picha yoyote, hata ya mtoto wako mchanga, atakuuliza swali moja: ina makali? Anakuza pembe ya picha kwenye kompyuta mpaka uzi uonekane kama kamba, halafu anatikisa kichwa.

"Mdomo wake ni mpana," Makali alituambia, akituonyesha pale lenzi inapoingia. "Ndiyo siri. Mwanga unaingia wote, mpaka kwenye kona. Lakini lenzi za zamani haziingii humu. Lazima mtu aanze upya."

"Aanze upya," Mwenyekiti akarudia, na akanitazama.

Nilijua ilikokuwa ikielekea, maana ilikuwa imeandikwa kwenye ajenda. Wakala alikuwa tayari kuchukua kila kilichomo kwenye kabati, kamera sita na lenzi kumi na nne, na kutuachia seti hiyo moja. Kura ingepigwa saa kumi.

"Watu tisa wa darasa wataazima nini?" niliuliza.

"Wataazima hii," akajibu Makali.

"Wote tisa? Hiyo moja?"

"Kwa zamu. Halafu, Mama Pasi, tuseme ukweli. Mwalimu akiondoka darasa limekwisha. Nani atafundisha? Mimi nina viwanja vya kupima. Mwenyekiti ana meno ya watu. Umebaki na kabati la lenzi kama vitako vya chupa za soda."

"Chupa zangu zimejaa watu," nikasema. "Zako zina nini?"

"Ooo!" wenzake wakashangilia. "Makali, umekatwa!"

Akacheka pia. Makali si mtu mbaya. Ila lile swali lake la nani atafundisha lilinifuata siku nzima.

Wakala, kwa hekima ya kazi yake, alinipa kamera mikononi. Na hapa niseme ukweli, maana sitaki kusema uongo hata kwa kunyamaza. Ilikuwa nzuri. Macho yangu yana ukungu, daktari ameniambia utaongezeka, na kwa miezi kadhaa nimekuwa nikilenga kwa kubahatisha. Nilimwelekezea Mkunga, mwanafunzi mwenzangu wa Jumatano, aliyekuja kumuaga Mwalimu. Mraba mdogo wa kijani ukamkimbilia jichoni wenyewe, ukatulia hapo. Nikaona hata mshipa mwekundu wa mtu aliyekesha na mzazi wodini. Nikamshukuru Mungu kimoyomoyo kwa watu waliokitengeneza kitu hicho, popote walipo.

"Dada, mbona umeganda?" Mkunga akauliza.

"Naiona vizuri," nikasema.

"Si ndiyo maana ya kamera?"

Nikairudisha. Mikono ilikuwa mizito kuirudisha.

"Nani anaichukua kwa majaribio?" Mwenyekiti akauliza, na Makali akawa ameshaivaa shingoni.

"Daftari," nikasema.

"Mama, hii haijatoka kabatini."

"Chumba ni kilekile, na daftari ni lilelile."

Akakunja uso, akashika kalamu. Aliandika tarehe, akaandika jina la kamera na tarakimu zake zote. Kwenye safu ya tatu akasita kidogo, kisha akaandika: "Ukuta."

Nililisoma neno hilo mara mbili nikidhani nimekosea. Katika miaka kumi na miwili ya daftari lile hakuna aliyewahi kuandika hivyo. Lakini kwa wapenda kamera jambo hilo ni la kawaida kabisa. Wakitaka kujua lenzi ina makali mpaka pembeni, hupiga picha ukuta wa tofali, kwa sababu tofali zina mistari iliyonyooka na hazipepesi macho. Nyuma ya duka la rangi kuna ua, na mwisho wa ua kuna ukuta huo.

Wote wakateremka. Wakasimamisha kamera juu ya miguu yake mitatu, wakapima umbali kwa utepe wa Makali wa kazini, wakaanza. Ukuta kwa lenzi ya kwanza. Ukuta kwa lenzi ya pili. Ukuta tundu la lenzi likiwa wazi, ukuta tundu likiwa limebanwa. Baada ya kila picha vichwa vinane vilikusanyika kwenye kioo kidogo cha nyuma.

"Ona chokaa kati ya tofali!"

"Kona ya chini, nenda kona ya chini. Aaah! Nitalia mimi."

Saa tano na nusu Mwalimu akaingia uani na fimbo yake, amevaa shati jeupe nililolipiga pasi mwenyewe Alhamisi. Alikuwa amekonda. Tukamwamkia, "Shikamoo, Mwalimu," naye akaitikia, "Marahaba, wanangu," akamshika kila mmoja mkono. Wakampa kiti cha plastiki, wakamweleza habari za mdomo mpana, naye akasikiliza kwa heshima yote kama anayesimuliwa harusi. Kisha wakarudi kwenye kazi yao.

Yeye akakaa, mikono juu ya fimbo, akiwatazama na tabasamu lake la upande mmoja. Haikupita dakika kumi Makali akainua kichwa kutoka kwenye kamera.

"Mwalimu, samahani sana. Sogea kidogo. Unaziba tofali."

Sidhani kama yuko mtu mwingine aliyelisikia jambo hilo kama nilivyolisikia. Mwalimu alicheka, akajisukuma na kiti chake. Baada ya muda akaambiwa asogee tena, akasogea.

Nikapanda ngazi. Nikafungua kabati, nikachukua kamera ya tatu, ile yenye ufa kwenye kioo cha nyuma, na lenzi ya namba sita, ambayo pete yake ya kulengea inagoma kidogo mpaka uipashe joto kiganjani. Kwenye daftari nikaandika: "Mwalimu, kabla hajaondoka." Nikaomba kwa ufupi, kama ninavyoomba kila mara kabla ya kubonyeza, nikashuka.

Nilichuchumaa mbele yake. Sikumwona wazi. Nilizungusha pete kwa kukumbuka, si kwa kuona.

"Unalenga wapi, Mama Pasi?" akaniuliza polepole.

"Kwenye jicho la kushoto, Mwalimu."

"Kwa nini la kushoto?"

"Ndilo lililo karibu nami."

"Basi usiharakishe. Nitakaa."

Akakaa. Nilipiga tatu tu, kwa sababu batri ya kamera ile ni kama mimi, haitaki kuchoshwa. Nyuma yake, mbali kidogo, watu wanane walikuwa wameinama kwenye kioo kidogo, na wote walikuwa wametupa mgongo.

Hakungoja kura. Saa sita binti yake alikuja kumchukua, maana alikuwa amechoka. Kabati hakulitaja. Mlangoni mwa ua alinishika bega tu, akaenda zake.

Saa kumi, tukiwa tumerudi chumbani juu, Makali akaonyesha picha ukutani kwa projekta. Zilikuwa mia nne na kumi na mbili. Sitasema hazikuwa nzuri. Tofali zilikuwa na vinyweleo. Kulikuwa na chungu mmoja kwenye ufa, na miguu yake ungeweza kuihesabu. Wakapiga makofi, wakala akapiga makofi, na Mwenyekiti akasema jambo liko wazi, tupige kura.

Mikono minane ilikubali kubadilishana. Miwili ilikataa, mmoja ukiwa wangu. Wa kumi na mmoja, mwuza magazeti, hakunyosha kwa lolote, akasema kichwa kinamuuma.

"Imepita," Mwenyekiti akasema. "Kabla wakala hajachukua vitu, tumalizie kadi ya kumuaga Mwalimu. Makali, tupe picha yake ya leo, nzuri moja, tuichape."

Makali akaanza kurudi nyuma. Ukuta. Ukuta. Ukuta. Akaenda upesi zaidi. Ukuta. Tukasikia kidole chake kikigonga kitufe.

"Nani alimpiga?" akauliza bila kugeuka.

Watu wanane, muda wa saa tatu, picha mia nne na kumi na mbili.

"Ngoja, hii hapa," akasema, akasimama kwenye moja. Ilikuwa ukuta, na kwenye kona ya kulia, chini, kilikuwamo kiwiko. Kiwiko cha shati jeupe, na nyuzi zake zote, na mkunjo wa pasi niliouweka Alhamisi.

"Kina makali sana," akasema Mkunga kutoka nyuma. "Tukichape. Tumwandikie: Kwaheri, Kiwiko."

Mmoja alianza kucheka, akakatiza. Kule chini mashine ya kuchanganyia rangi ilikuwa ikinguruma.

Nikatoa kadi ya picha kwenye kamera ya tatu nikampa Makali. Akaiingiza kwenye kompyuta. Mwalimu akatokea ukutani, mkubwa kuliko sisi sote, ametazama mbele, tabasamu la upande mmoja limeanza lakini halijafika. Nyuma yake, migongo.

Makali akaitazama muda mrefu. Mazoea ni kitu kigumu. Akakuza.

"Jicho la kushoto halina makali," akasema kwa sauti ndogo.

"Halina," nikasema. "Lakini ni lake."

Wakala akakohoa. Alikuwa na fomu mkononi. "Basi, kama kura imepita... naomba kabati lifunguliwe."

Nikainuka. Nilidhani sauti itatetemeka, na haikutetemeka. Nikabeba kiti changu mpaka kwenye kabati, nikakiweka mbele ya mlango wake, nikakaa.

"Silifungui."

"Mama Pasi," Mwenyekiti akasema, "huo ni uamuzi wa chama. Unaukaidi?"

"Ndiyo. Naukaidi."

"Tutaita fundi wa kufuli."

"Mwite, mwanangu. Atanikuta hapa. Mwambie aje na chakula, maana sitatoka mapema."

"Mama, mbona unapinga maendeleo?" mmoja akalalamika.

"Nimepinga nini? Kamera nimeishika, ni nzuri, na macho yangu yanaihitaji kuliko yako. Nunueni kila mmoja yake, nitakuja kuwashangilia. Lakini hizi kamera sita na lenzi kumi na nne si zetu za kutoa. Ni za watu tisa wa Jumatano, na wengine ambao bado hawajapanda ngazi hizo. Nilipopanda mimi sikuwa na kitu, na nilikuwa ndiyo kwanza najua kuandika jina langu. Kama kabati hili lingekuwa na kamera moja ya zamu, mngeniambia nirudi mwezi wa tisa, nami nisingerudi."

Nikalivuta daftari kutoka ubavuni nikampa Mwenyekiti. "Soma ukurasa wa kwanza."

"Naujua."

"Soma. Mimi nilijifunza kusoma nikiwa mzee, najua haichukui muda."

Akafungua. Mwandiko wa mstari wa nne ulikuwa wake, kabla ya uenyekiti, kabla ya kliniki kubwa, alipokuwa kijana wa darasa la jioni. Nilikuwa nimeusoma mara nyingi nikingoja wanafunzi. Kamera ya kwanza, lenzi ya namba mbili. Safu ya tatu: "Mama, kabla ya upasuaji."

Hakusoma kwa sauti. Aliutazama, akageuza kurasa polepole, "jirani wa juu", "fundi wa baiskeli", "mke wangu akiwa amenuna", mpaka akafika ukurasa wa leo, mahali palipoandikwa Ukuta. Chini yake, Mwalimu, kabla hajaondoka. Akavua miwani akaifuta kwenye shati.

"Picha ya mama," akasema bila kumtazama yeyote, "haina makali hata kidogo. Mkono ulinitetemeka." Akalifunga daftari. "Wakala, samahani kwa usumbufu. Kamera yako nitainunua mimi, ya nyumbani kwangu. Kabati litabaki."

"Na kura?" Makali akauliza. Hakuuliza kwa ukali.

"Kura tulipigia mali isiyo yetu." Kisha akanigeukia, na sura yake ilikuwa sura ya daktari anayemwambia mgonjwa afungue kinywa. "Lakini Makali aliuliza swali asubuhi na hujalijibu. Mwalimu ameondoka. Kabati bila mwalimu ni stoo. Nani atafundisha?"

Nilikuwa nimeomba sauti, na sauti nilipewa. Sikujua kwamba nitatumwa nayo mbali kiasi hicho. Nilifikiria macho yangu, na mikono yangu ya pasi, na kwamba hesabu za mwanga bado nazihesabu kwa vidole. Nikamtazama Mkunga. Akaniinulia kidevu, kama anavyowainulia wazazi wakati wa kusukuma.

Nikasimama, nikaushika ufunguo shingoni.

"Mbele ya Mungu na mbele yenu nyote mlio humu, wakala naye awe shahidi, naahidi," nikasema. "Jumatano saa kumi na mbili jioni nitafungua kabati hili, na Jumatano itakayofuata, na nyingine, mpaka macho haya yakatae kabisa. Nisilolijua nitasema silijui, nitakwenda kuuliza, nitarudi na jibu. Na yeyote atakayepanda ngazi hizo akiwa na jina la mtu, nitamwazima na nitamfundisha. Hata wewe, Makali. Njoo na jina."